Somo la Hisa: Kompyuta Inapoita 'Nyundo' Siku Isiyokuwa na Biashara

Mwekezaji aliyeko Kikuyu, Dodoma, yuko kilometa zipatazo 450 kutoka Dar es Salaam liliko soko la hisa. Anachokipata ni taarifa ya bei, na programu ya kompyuta humsaidia kuipitia haraka. Hata hivyo, kompyuta hufuata kanuni iliyoandikiwa tu. Kanuni ikiwa na kasoro, mwekezaji huonyeshwa dalili ambayo sokoni haikuwapo, akanunua au kuuza kwa hasara.

Bei nne za mshumaa

Mshumaa mmoja kwenye chati hubeba bei nne za siku. Muuza mahindi wa Kibaigwa anazifahamu: bei ya gunia la kwanza asubuhi, bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa, na bei ya gunia la mwisho soko linapofungwa. Chimbuko la mishumaa lenyewe huhusishwa na biashara ya nafaka, yaani soko la mchele la Dojima, mjini Osaka, Japani, katika karne ya 18. Wachambuzi wengi wa Marekani na Ulaya waliifahamu kupitia kitabu cha Steve Nison cha mwaka 1991.

Nafasi iliyopo kati ya bei ya kufungua na ya kufunga huitwa mwili. Mistari myembamba ya juu na chini ya mwili huitwa vivuli.

Kuandika kanuni

Katika programu kama MetaStock, O ni bei ya kufungua, H ya juu, L ya chini, C ya kufunga, na V ni idadi ya hisa zilizouzwa. Abs huondoa alama ya kutoa; Min huchukua namba ndogo kati ya mbili na Max kubwa.

Doji ni mshumaa wenye mwili mdogo sana, dalili kwamba wanunuzi na wauzaji wametoshana nguvu:

Abs(O-C) <= 0.1*(H-L)

Nyundo ina mwili mdogo juu na kivuli kirefu chini. Ikitokea baada ya bei kushuka kwa siku kadhaa, huashiria kuwa wanunuzi wameanza kurudi:

Min(O,C)-L >= 2*Abs(O-C) AND H-Max(O,C) <= Abs(O-C)

Chukua mfano wa hesabu, usio wa kampuni yoyote: hisa imefungua kwa sh. 500, ikashuka hadi 480, ikafunga kwa 505 ambayo ndiyo bei ya juu. Mwili ni sh. 5, kivuli cha chini sh. 20, cha juu sifuri. Hiyo ni nyundo. Si doji, kwa kuwa mwili ni moja ya tano ya sh. 25 zilizopo kati ya bei ya juu na ya chini.

Mtego wa soko dogo

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 15, 1998 likiwa na kampuni moja, TOL. Kampuni zimeongezeka tangu hapo, zikiwamo NMB mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009, lakini zipo hisa zinazoweza kupita siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Siku hizo, taarifa nyingi hurudia bei ya mwisho katika nafasi zote nne.

Tuseme bei hiyo ni sh. 500. Mwili ni sifuri na vivuli ni sifuri. Kwa kompyuta, sifuri ni sawa na sifuri, hivyo masharti yote hapo juu yanatimia. Siku ambayo hakuna aliyenunua wala kuuza inatangazwa kuwa doji na nyundo kwa wakati mmoja!

Dawa ni kuongeza masharti mawili mwishoni mwa kila kanuni:

AND H>L AND V > 0.5*Mov(V,20,S)

Sharti la kwanza huondoa siku ambazo bei haikutikisika. La pili hudai hisa zilizouzwa zizidi nusu ya wastani wa siku 20, kwa sababu hata mauzo mawili madogo yanaweza kuchora kivuli kirefu.

Kwa hisa zinazouzwa kwa nadra, ni heri kutumia mshumaa wa wiki. Bei ya kufungua huchukuliwa siku ya kwanza yenye biashara, ya kufunga siku ya mwisho yenye biashara, na ya juu na ya chini kutoka wiki nzima.

Kabla ya kumpigia dalali

Dalili ikijitokeza, mwekezaji aangalie kwanza safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, kisha mwelekeo wa bei kabla ya siku hiyo, na mwisho hesabu za kampuni na gawio lake. Mambo hayo ya mwisho hayaonekani kwenye mshumaa wowote.