BANDAMA NA KAZI YAKE MWILINI

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, hukaa upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Ile ya mtu mzima mwenye afya hupata uzito wa gramu 150 hivi, na kwa kawaida haipapasiki kwa mkono.

Kazi yake ni kuchuja damu. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Zikichakaa, bandama huziondoa. Tena husaidia kupigana na vijidudu vya maradhi.

Wayunani wa kale waliihusisha na nyongo nyeusi, ambayo walidhani huleta huzuni. Na Mwingereza akitaja bandama katika mazungumzo aghalabu amekusudia hasira. Mswahili hakuiweka hasira hapo. Yeye huitaja nyongo, ndipo likapatikana neno kinyongo.

Lakini bandama haileti huzuni wala hasira. Iletayo ni habari ya ugonjwa. Malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, bandama huchuja chembe nyingi zilizoharibika, nayo huvimba. Ndiyo sababu katika karne ya 19 madaktari huko Bara Hindi walipima wingi wa malaria vijijini kwa kupapasa matumbo ya watu.

Basi mzazi aonapo uvimbe huo asiuchanje, wala asiuchome, wala asiukande. Bandama iliyovimba yaweza kupasuka kwa pigo dogo, na damu ikimwagika ndani mtu huweza kufa. Ampeleke mtoto hospitali apimwe damu, na kila usiku amlaze ndani ya chandarua.