SOMO LA MWEZI: NANI ATAMWAGILIA WAKATI WA LIKIZO?

Kila mvua zinapokaribia, wazee wa kanisa hupata barua kutoka kwa vijana wa chuo. Klabu yao ya mazingira yaomba kupanda miti katika kiwanja cha kanisa. Kwa kawaida tunajibu "karibuni", tunapiga picha, basi. Mwezi huu tujifunze kidogo juu ya klabu hizi, ili jibu letu liwe na maana.

Klabu za namna hii si jambo geni. Huko Kenya klabu za wanyamapori za wanafunzi zilianza mwaka 1968. Kwetu Tanzania klabu za Malihai zilianza mwaka 1980. Kisha mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika barazani kwa Dk. Jane Goodall, Dar es Salaam, wakamweleza mambo waliyoyaona yakiharibika mbele ya macho yao. Katika mazungumzo hayo ikazaliwa Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi, ambayo sasa iko katika nchi nyingi, tangu shule za watoto wadogo hata vyuo vikuu.

Vijana hawa hupanda milima, hutembelea mbuga, huhesabu ndege, husafisha masoko. Wako wazazi wanaosema kwamba safari hizo ni anasa. Mimi sikubali. Kijana aliyekulia mjini hawezi kuupenda mgunga asiopata kuuona.

Lakini shida iko kwenye miti. Niliwahi kuwa mlezi wa klabu katika chuo kimoja, katika nchi hii yetu kavu ya Dodoma. Mwezi wa Februari tulipanda miche 200. Mgeni rasmi alikuja, kwaya ikaimba. Mwezi wa Julai wanafunzi wakaenda likizo, nami pia nikaenda kwetu. Niliporudi Novemba nilihesabu miche hai 17, na yote ilikuwa nyuma ya jiko, mahali mama mpishi alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Angalieni jinsi mambo yalivyo. Hapa mvua hunyesha kama Desemba mpaka Aprili, na jumla yake kwa mwaka haifiki sana milimita 600. Mche uliotoka katika kiriba una mizizi mifupi. Likizo ndefu ya chuo huangukia katikati ya kiangazi, na baada ya miaka mitatu mwanafunzi mwenyewe amehitimu, amekwenda zake. Hivyo mche huachwa peke yake wakati ule ule unapohitaji mtu.

Iko njia nyingine ambayo inafaa zaidi nchi kama hii, nayo haihitaji kitalu. Mwaka 1983 huko Niger, Tony Rinaudo, mtu wa Australia, alisimamisha gari ili apunguze upepo katika matairi. Akatazama vichaka vya karibu, akagundua kuwa si vichaka bali ni visiki vya miti vinavyochipua. Chini ya ardhi msitu ulikuwa bado hai. Katika miaka kama 20 wakulima wa Niger walirudisha miti katika eneo la hekta zaidi ya milioni 5. Hapa Dodoma kazi hiyo tunaijua kwa jina la Kisiki Hai, ambayo LEAD Foundation ilianza kuieneza pamoja na Justdiggit mwaka 2018.

Kazi yenyewe ni hii. Tafuta kisiki kinachochipua. Chagua machipukizi machache yenye nguvu na kunyooka, ukate mengine. Pogoa matawi ya chini mpaka karibu nusu ya urefu. Funga kitambaa, jirani ajue kwamba mti huu una mwenyewe. Rudia kupogoa kila baada ya miezi kadhaa. Matawi uliyokata yatakuwa kuni. Maji hayahitajiki, kwa sababu mizizi imekwisha kufika chini.

Adui aliyebaki ni mbuzi. Kule Kondoa serikali ilianza mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka. Majani na miti vikarudi, ingawa wenye ng'ombe walilipa gharama kubwa, na jambo hilo tusilifiche. Kwa kiwanja chetu haihitajiki amri ya serikali, bali makubaliano kati ya nyumba kama kumi hivi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Zungukeni kiwanja cha kanisa pamoja na vijana. Mmeona visiki hai vingapi?

2. Miti iliyopandwa na klabu mwaka jana, mingapi ingali hai? Nani aliitunza?

3. Kuanzia Julai hadi Oktoba, nani katika mtaa wetu atakuwa na ufunguo wa bomba?

4. Mbuzi wanaolala chini ya mwembe wa kanisa ni wa nani, na nani atakwenda kuzungumza naye?