SOMO LA MKULIMA: KONOKONO BUSTANINI NA WANYAMA WAMLAO

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha Msata, mkulima wa mboga huweza kuamka asubuhi akakuta mistari ya ute ikimetameta juu ya tuta, na miche aliyoipandikiza jana imebaki vishina vitupu. Aghalabu lawama huwaangukia panya, au mbuzi wa jirani. Lakini panya haachi ute. Mharibifu ni konokono, au nduguye asiye na gamba aitwaye koa. Wote wawili hula usiku na kujificha mchana.

Somo hili linafaa kusomwa katika mkutano wa chama kabla ya msimu, kwa kuwa hasara hiyo haimwishii mwenye bustani peke yake. Mbegu na mbolea zilizotolewa kwa mkopo hudaiwa hata kama miche imeliwa, na katibu ndiye aulizwaye kwa nini deni halijalipwa.

Konokono mkubwa ajulikanaye sana katika mwambao huu ni mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, hivyo kila mmoja aweza kutaga, na mkupuo mmoja hufikia mayai mia moja au zaidi, yaliyofukiwa katika udongo laini. Kiangazi kikiwa kikali hujificha, akaziba mlango wa gamba lake kwa utando mkavu, akalala miezi kadhaa akingoja mvua. Kwa hiyo wanaosema kwamba konokono huletwa na mvua wamekosea: walikuwapo shambani wakati wote.

Mnyama huyu, ambaye huku ni kero ya msimu, amekuwa balaa kila alikopelekwa na binadamu. Mwaka 1847 aliachiliwa mjini Calcutta, India. Mwaka 1936 alifikishwa Hawaii. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi nao watatu Miami, Marekani, wakaishia bustanini. Kazi ya kuwatokomeza haikukamilika hadi mwaka 1975, baada ya kukusanywa zaidi ya 18,000 na kutumika dola zipatazo milioni moja. Tofauti kubwa ni kwamba hapa kwao konokono anao maadui waliozoea kumla tangu kale, na ugenini hakuwakuta.

Wataalamu walilitambua jambo hilo. Mwaka 1950 konokono mdogo alaye konokono wenzake, aliyepewa jina la kitaalamu kutokana na Kibwezi nchini Kenya, alipelekwa katika kisiwa cha Agiguan, Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1955 Hawaii iliagiza mlaji mwingine kutoka Florida, na mwaka 1977 huyo wa Florida akapelekwa kisiwa cha Moorea. Huko hakuwajali sana konokono wakubwa aliotumwa kuwala. Aliwageukia konokono wadogo wa miti, wenyeji wa kisiwa kile, na katika muda wa miaka kama kumi hawakuonekana tena porini. Ni heri kumtunza mlinzi aliyepo kuliko kuagiza mgeni.

Na walinzi wapo. Wadogo ndio wafanyao kazi kubwa: mabuu ya vimulimuli humfuata konokono kwa kufuata ute wake na kumla akiwa ndani ya gamba, baadhi ya mbawakawa wa ardhini hula makoa na mayai, siafu wakipita hawabakizi kitu laini. Chura hula makoa wachanga. Miongoni mwa ndege, dudumizi hudonoa konokono vichakani, na kanga wafugwao husaidia vilevile. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania, hasa zenye unyevu, wapo nyoka wadogo ambao chakula chao ni makoa, wala hawana madhara kwa mtu. Hata hivyo huuawa kila waonekanapo. Fungo, kenge na nguchiro nao hula konokono. Ni kweli kwamba kenge na nguchiro huiba mayai na vifaranga, na mwenye kuku ana haki ya kulalamika. Lakini dawa ya wizi huo ni banda imara, si kuchoma kichaka kizima.

Moto wa kusafisha shamba ndio unaowaangamiza walinzi hawa kwa wingi. Inatosha kupalilia hatua mbili kuzunguka matuta, ili konokono akose pa kujificha karibu, na kuacha kichaka kilicho mbali kidogo.

Vyama vingine hufikiria kuagiza chambo cha sumu. Yafaa wajumbe wajue kwamba chambo chenye metaldehaidi huua pia mbwa na kuku wakilapo, na ndege na wanyama pori kadhalika. Kwa sababu ya madhara kwa ndege na wanyama, Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake nje ya majengo mwaka 2022. Chumvi humwua koa lakini huharibu udongo. Majivu husaidia yakiwa makavu tu. Mvua moja huyamaliza.

Njia iliyo rahisi ni gunia lililoloweshwa, au ubao, kulazwa kando ya tuta jioni na kufunuliwa alfajiri. Konokono waliojikusanya chini yake waokotwe kwa jani au kijiti, wapondwe na kufukiwa. Wasishikwe kwa mikono mitupu, kwa maana konokono na makoa huweza kubeba mnyoo wa panya unaomdhuru binadamu katika ubongo. Kwa sababu hiyo hiyo mboga ziliwazo mbichi zioshwe sana. Kumwagilia nako kufanywe asubuhi, ili uso wa tuta uwe umekauka usiku. Bata waingizwe bustanini kabla ya kupanda, kwani wakikuta miche hawachagui.

Kabla ya kupitisha fedha za sumu, kila mwanachama mwenye bustani na atege gunia moja kwa siku saba, aandike kila alfajiri idadi ya konokono aliowakuta, na kumkabidhi katibu karatasi hiyo. Mkutano uanze kwa kusomwa hesabu hizo.