Silensa Isiyotulia: Kutafuta Hitilafu ya Umeme katika Gari la Chama

Ndugu Katibu, gari la chama lizimikapo kila dereva anapopunguza mwendo, hasara yake haiishii katika hati ya malipo ya gereji. Injini ikizimika gari likiwa bado linakwenda, usukani unaosaidiwa na mashine huwa mzito ghafula, na breki, zikishakanyagwa mara moja au mbili, hudai nguvu nyingi za mguu. Tafakari hali hiyo kwa pikapu iliyojaa magunia ikiteremka mlima. Kwa hiyo kamati isilichukulie jambo hili kuwa ni usumbufu wa dereva peke yake.

Silensa ni jina walitumialo mafundi kwa mwendo wa injini pale mguu uondolewapo kwenye pedali ya mafuta. Injini nyingi za petroli, zikishapata moto, huzunguka kati ya mara 650 na 850 kwa dakika. Katika magari ya kabureta, fundi aliurekebisha mwendo huo kwa skrubu. Katika magari mengi ya miaka ya 1990 yaliyo na kompyuta, kazi hiyo ilikabidhiwa vali ndogo ya umeme, ipitishayo hewa kando ya mlango mkuu wa hewa wakati mlango huo umefungwa. Dereva awashapo taa kubwa, altaneta huielemea injini. Kompyuta hutambua, huifungua vali zaidi kidogo, na injini haizimi. Magari mapya zaidi hayana vali hii: mlango mkuu wenyewe huendeshwa na mota, nayo yanahitaji somo jingine.

Kabla ya kugusa waya wowote, hapana budi kuondoa shaka ya mambo yasiyo ya umeme. Masizi yakiziba njia ya vali, silensa hushuka na injini huzima. Mpira wa hewa ukipasuka, silensa mara nyingi hupanda, kwa kuwa hewa huingia bila idhini ya kompyuta. Safisha, kagua mipira, kisha ndipo ushike mita ya umeme.

Anza na betri. Injini ikiwa imezimwa na kupumzika, betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikinguruma, zipatikane kati ya 13.5 na 14.5. Magari yenye tundu la kusomea makosa huweza kutoa namba P0505, yaani mfumo wa silensa una kasoro. P0506, silensa iko chini mno. Au P0507, iko juu mno. Namba hizo hutaja dalili tu. Fundi akisoma P0505 na papo hapo akaagiza vali mpya, Katibu ana haki ya kumwuliza amepima nini.

Tuchukue vali yenye nyaya tatu, iliyotumika katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo. Zima swichi, chomoa soketi, kisha pima kati ya pini ya katikati na kila pini ya pembeni. Vali ikiwa baridi, kwa baadhi ya injini hizo, kipimo ni ohmu 17 hadi 24.5; ikiwa ya moto, 21.5 hadi 28.5. Kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeungana, na vali ya namna hiyo yaweza kuiunguza kompyuta. Basi usifunge kompyuta mpya kabla ya kuipima vali. Pima mara mbili, baridi na moto, maana waya uliopasuka hushikana ukiwa baridi na kuachana ukipata joto.

Vali ikiwa nzima, washa swichi bila kuwasha injini, upime pini ya katikati ya soketi upande wa gari. Pawepo volti zinazokaribia za betri. Zisipokuwepo, tafuta fyuzi, relei, au waya uliokatika njiani. Kazi hii ifanywe kwa mita, si kwa balbu: balbu huvuta umeme mwingi kuliko sakiti za kompyuta ziwezavyo kustahimili.

Kipo pia kipima joto cha maji. Waya wake ukikatika, kompyuta hudhani injini imeganda kwa baridi na huweza kuipandisha silensa mchana kutwa. Vingi husoma ohmu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za sentigredi, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80.

Lililobaki ndilo lisahauliwalo zaidi, nalo ni ethi. Mwandishi wa somo hili alipata kuiona pikapu ya chama kimoja iliyobadilishiwa vali mara mbili bila nafuu. Dereva alisema gari huzima usiku tu. Kamati ikadhani hapendi safari za usiku. Injini iliponguruma na taa kuwashwa, ncha moja ya mita iliwekwa kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Badala ya kutozidi volti 0.2, mita ilisoma karibu volti nzima. Boliti ya waya wa ethi ilikuwa imeshika kutu chini ya rangi. Msasa na spana vilitosha. Vali mbili zilikwisha kulipiwa.

Kwa hiyo, katika daftari la gari, dereva aandike ni lini injini ilizima: ya baridi au ya moto, taa zikiwaka au la, barabara tambarare au yenye mashimo yatikisayo nyaya. Fundi naye aandike kila kipimo na mahali alipokipimia, kabla Katibu hajatia sahihi kwenye oda ya vipuri.