Mbao za Sakafu ya Kale

Nyumba ya kale inapobomolewa, watu wengi huzitia motoni mbao za sakafu yake. Hiyo ni hasara. Ubao wa mvule ni mgumu, na ukikaa nyumbani miaka mingi umekwisha kukauka vizuri. Waweza kutumika tena. Lakini fundi mwenye akili hautengeneza kwanza.

1. Kuchagua. Fundi hutazama kila ubao. Akiona vitundu vinavyotoa unga mpya, ajua kwamba wadudu wangali hai ndani. Ubao huo hauingii nyumbani. Mbao zenye rangi ya zamani huziacha pia. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Tusiikwangue ikiwa kavu wala tusiichome: vumbi na moshi wake huingia kifuani.

2. Kutoa misumari. Misumari minene hugongwa kwa nyuma, kisha hung'olewa kwa kichwa chake. Myembamba huvutwa kwa koleo upande wa chini, ili uso wa ubao usichanike. Halafu fundi hupitisha sumaku juu ya ubao. Ikinasa, chuma kingalimo. Msumari mmoja uliofichika waweza kuvunja meno ya msumeno, na kipande chake kikaruka jichoni.

3. Kusafisha. Mbao nyingi za sakafu zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Taka ngumu ikibaki mferejini, ulimi hauingii, na sakafu itakuwa na nyufa. Fundi huitoa kwa patasi nyembamba. Ncha zilizooza huzikata.

4. Kupumzisha. Hata mti mkavu hunywa unyevu wa hewa, ukavimba. Hewa ikikauka, hupungua. Kwa hiyo mbao hupangwa katika chumba kile kile zitakamolazwa, na vijiti vyembamba kati ya safu na safu, kwa majuma mawili hivi.

Sasa mbao zi tayari. Zenye upana mmoja hulazwa katika mstari mmoja. Msasa hungoja mpaka sakafu yote imekwisha kupigiliwa.

Maulizo

1. Vitundu vyenye unga mpya vyatuambia nini?
2. Sumaku yamsaidiaje fundi?
3. Kwa nini tusikwangue rangi ya zamani?
4. Kwa nini mbao hupumzishwa kabla ya kulazwa?