Kosa Moja Katika Kufundisha Potenshali Sanifu ya Seli

Tunapofundisha potenshali sanifu ya seli, kosa moja hurudi daima katika madaftari ya wanafunzi. Tuchukue seli ya shaba na fedha, miyeyusho yake ikiwa na moli 1 ya ioni kwa lita, katika nyuzi 25 za sentigredi. Potenshali ya shaba ni volti +0.34, ya fedha ni +0.80. Atomu ya shaba hutoa elektroni 2, bali ioni ya fedha hupokea 1 tu. Hivyo mlinganyo wa fedha huzidishwa kwa 2. Mwanafunzi naye huzidisha hata ile 0.80, akapata 1.60, na jibu lake huwa 1.26. Jibu sahihi ni 0.80 − 0.34, yaani volti 0.46.

Lawama si ya mwanafunzi peke yake. Kwa miaka kadhaa tulimwambia “usizidishe” bila kumpa sababu. Akakariri, kisha akasahau.

Siku hizi twaanza na betri mbili mpya za tochi za aina moja, kubwa na ndogo. Wanafunzi hukisia kwanza, ndipo hupima. Zote huonyesha karibu volti 1.5, ingawa kubwa hudumu zaidi kwa kuwa ina kemikali nyingi zaidi. Hapo twauliza: ni nini kilichoongezeka? Ni wingi wa elektroni, wala si nishati ya kila elektroni. Na volti hupima hiyo ya pili. Kuzidisha mlinganyo ni sawa na kukuza betri.

Basi, walimu wenzetu, kipimo kitangulie, kanuni ifuate.