Doa Kwenye Dari: Tafuta Maji Yanakoingilia

Somo: Walawi 14:33-48, Mathayo 5:23-24, Mathayo 7:3-5



Sisi wa Endebess tunajua mvua. Kuanzia Aprili, wingu likishuka kutoka Mlima Elgon, hakuna paa linaloficha siri. Kwangu siri ilikuwa doa la rangi ya chai kwenye dari ya chumba cha watoto. Kila Desemba, tukishauza mahindi, nilinunua rangi nyeupe nikalifunika. Kila Mei likarudi, tena limepanuka. Miaka mitatu hivyo.

Mkosaji nilikuwa nimeshampata: fundi aliyeezeka. Ni ndugu wa ushirika wetu. Nilisema alitumia misumari duni, nikamnyima salio lake la shilingi 4,000. Siku ya ibada nilipitia mlango mwingine ili tusisalimiane. Na Meza ya Bwana nilikuwa nashiriki tu.

Mwaka huu bodi ya dari ikaanza kulegea karibu na waya wa taa, na kitinda mimba wetu akawa anakohoa usiku. Mama watoto akaniambia, "Baba watoto, rangi imetosha. Panda uangalie."

Nikafungua Walawi 14. Nyumba ikionekana na pigo ukutani, kuhani hakuamua siku hiyo hiyo. Vyombo vilitolewa, nyumba ikafungwa siku 7, kisha akarudi kuona kama limeenea. Ndipo mawe yenye pigo yaling'olewa. Nilijifunza mambo matatu.

1. Chunguza kabla hujahukumu. Nilichora mstari wa penseli kuzunguka doa, nikaandika tarehe. Dari ikilowa asubuhi za baridi bila mvua, na matone yamejaa chini ya mabati kila mahali, huo ni mvuke wa jikoni na pumzi zetu. Dawa yake ni kupitisha hewa. Ikiwa mbichi hata kiangazi, tafuta paipu au tangi. Doa langu lilivuka mstari siku za mvua tu. Basi ni paa.

2. Maji hayadondoki pale yanapoingilia. Nilizima umeme kwenye meni swichi, nikapanda juu ya dari mchana na tochi, nikikanyaga mbao, si bodi. Juu ya doa mabati yalikuwa mazima. Misumari ya fundi na raba zake, sawa kabisa! Kijana wangu, akiwa kwenye ngazi, akamwagia paa maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda polepole. Maji yalipofika karibu na kilele, tone likaingia, likateleza na boriti karibu mita 3, likaangukia dari ya watoto. Tundu lilikuwa pale nilipopigilia mwenyewe waya wa mlingoti wa antena, baadaye nikang'oa msumari nikasahau.

Wapendwa, nilikaa juu ya ile boriti nikakumbuka alivyofundisha Yesu kuhusu boriti na kibanzi. Nililia.

3. Ng'oa kilichooza, usikipake rangi. Tundu niliziba. Bodi iliyooza niliitoa, nikaacha mbao zikauke kabla ya kuweka mpya. Lakini moyo je? Mathayo 5 inatuagiza tuache sadaka madhabahuni, twende kwanza tukapatane na ndugu. Jumamosi jioni nilienda kwa fundi na zile 4,000. Nikamwambia, "Ndugu, tundu lilikuwa langu. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hizo zilikuwa karo ya mtoto." Sikuwa na jibu. Tuliomba pamoja, akanipa chai. Hatujarudi kabisa kama zamani. Mbao iliyolowa miaka mitatu haikauki siku moja. Lakini Jumapili tuliingia kwa mlango mmoja.

Ndugu yangu, lile jambo linalorudi kila mwaka nyumbani kwako, umelipaka rangi mara ngapi? Walawi inasema pigo likirudi baada ya nyumba kukarabatiwa, nyumba inabomolewa. Panda leo, kungali mapema.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
- Ni nani nimemlaumu bila kuchunguza?
- Je, kuna haki ya mtu ninayoishikilia?

Tuombe: Bwana, nionyeshe tundu langu kabla ya la jirani. Nipe miguu ya kwenda kuomba msamaha. Katika jina la Yesu, amina.